Kitanda cha Tatu

Swali la kwanza Wakorea waliloniuliza halikuwa jina langu wala kwetu wapi. Waliniuliza nina miaka mingapi. Aliyeuliza alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amesimama mlangoni mwa bafu la wanawake na sidiria nyeusi na chupi nyeusi, maji yanamchuruzika hadi kwenye ndara. Mimi nimekuja kutafuta kazi, nimejitanda mtandio wangu, soksi ziko mkononi, maana viatu na soksi nilikwisha kuambiwa nivue. Nikadhani ananitania. Kwetu Tanga mwanamke haulizwi umri mbele za watu ila na daktari, na hata huyo daktari tunampunguzia miwili mitatu.

"Thelathini na nane," nikamjibu.

Nilikuwa na arobaini na saba. Niliudanganya umri bila kupepesa macho, na ukiniuliza leo kama najuta nitakwambia najuta nusu. Mwaka huo, 2017, nilikuwa na miezi saba tu Dallas, nakaa Vickery Meadow kwenye chumba cha mama mmoja Mkongo, na nilishazunguka maghala ya Garland mpaka visigino vikapasuka. Kila nilipofika walitazama mwaka wa kuzaliwa, wakatazama magoti yangu, wakasema tutakupigia. Simu yangu ilikuwa nzima, ina chaji, na haikulia. Sasa huyu naye ananiuliza umri kabla ya salamu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu siku ile ziliniambia punguza.

Yule mama akahesabu kwa vidole, akacheka. Kwao, akanieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu, mtoto anazaliwa na mwaka wake mmoja tayari, kwa hiyo mimi ni wa thelathini na tisa. Hata uongo wangu wakauongezea. Kisha akamwita mwenzake atoke ndani, mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mchapa kazi. Huyu ana arobaini na moja, akasema, ni dada yako. Mimi ni dada yenu wote wawili. Wewe ndiye mdogo, kazi yako taulo. Makaratasi yangu yenye mwaka wa kweli yalikuwa ofisini juu kwa bwana mwenye bafu, na huyo kwa heshima zake hakushuka upande wa wanawake abadan.

Bafu lenyewe liko kaskazini-magharibi mwa jiji, kwenye uwanja wa maduka ambako mabango yote ni ya Kikorea na hata benki inakusalimia Kikorea. Wanaume mlango wa kulia, wanawake wa kushoto. Ukishaingia upande wetu huna hata uzi. Bibi, mama, binti, mjukuu, wote kama walivyozaliwa, wanaketi kwenye vijistuli wakijimwagia maji kwa kata, wanaongea habari za shule na za mawifi, wala hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi wiki mbili za kwanza nilitembea na macho chini. Nilikuwa navijua vigae vyote vyenye ufa.

Utaratibu wao ni huu. Mteja anajiroweka nusu saa kwenye moja ya mabwawa matatu ya maji moto, kisha anaitwa kwa namba ya ufunguo aliouvaa mkononi. Analala kwenye kitanda kirefu kilichovikwa plastiki, msuguaji anammwagia ndoo ya maji ya vuguvugu, anavaa glavu ya kitambaa kigumu, anaanza. Mgongo, ubavu, kwapa, nyayo. Akitaka ugeuke hasemi. Anakupiga kofi dogo la nyonga, nawe unageuka. Na nongo zinatoka. Mwanakwetu, nongo. Nimewauliza Wamarekani, hawana neno la kitu hicho; wanasema ngozi iliyokufa, kana kwamba kuna msiba. Wakorea wanalo lao, sisi tunalo letu, na siku nilipoziona zile nongo zinaviringika za kijivu mgongoni mwa mama mmoja mnene, moyo wangu uliruka. Kumbe kazi hii naijua.

Kwetu nilikuwa nasinga maharusi. Shangazi yangu alinifundisha nikiwa na miaka kumi na saba. Siku saba kabla ya harusi bibi harusi hatoki nje, nami naponda liwa na karafuu na waridi, namsinga asubuhi na jioni mpaka ngozi yake inateleza. Nimesinga mabinti wa mtaa mzima, kisha nikasinga mabinti wa hao mabinti. Mikono hii si ya kukunja taulo. Na mle bafuni vitanda vilikuwa vitatu: cha kwanza cha yule mama, ambaye wote tulimwita Mkubwa, cha pili cha huyo dada wa arobaini na moja, na cha tatu kilikuwa kikavu, mwenyewe amerudi Korea kumuuguza mama yake. Nikakitazama, nikasema moyoni, hicho changu.

Tatizo ni kwamba nilishajifunga kamba mwenyewe. Kwa Wakorea umri si habari ya kujaza fomu. Ndio unaokwambia ukae wapi, uongee vipi, nani amtume nani. Chakula cha mchana tulikula chumba cha nyuma, kwenye sakafu inayopashwa joto kwa chini, meza fupi, wali, supu, kabichi iliyochachushwa na pilipili. Hakuna kunyanyua kijiko kabla Mkubwa hajanyanyua chake. Siku ya kwanza nilikuwa na njaa, nikasema bismillahi nikaanza. Loo, meza nzima iliganda. Kijiko usikisimamishe ndani ya wali, maana hivyo ndivyo wanavyowaandalia wafu wao. Ukipewa kitu na mkubwa unapokea kwa mikono miwili, na hilo nilikuja nalo kutoka kwetu, likaniokoa. Lakini sisi tuna shikamoo. Ukishaitoa asubuhi umemaliza, unaendelea na mambo yako. Wao shikamoo yao haiishi mchana kutwa.

Basi nikatumwa. Mwanamke niliyemzidi miaka sita, ambaye kwetu angeniamkia, alinituma maji, alinituma ndara zake, alinituma kata iliyo mbele ya mguu wake mwenyewe. Aliongea nami kwa ile lugha yao fupi fupi ambayo mkubwa humwambia mdogo. Nami namwita dada. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kuna nyakati nilijifungia chumba cha taulo nikajisemea kwa Kiswahili, "Mtoto mdogo wewe, ungejua," halafu nikatoka na glasi yake, nimeishika kwa mikono miwili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa humo humo nachota.

Na nisimdhulumu. Alipogundua sili nguruwe hakuuliza mara mbili. Kuanzia kesho yake sufuria zikawa mbili jikoni, moja yao na moja yangu, na kwenye yangu alinipikia supu ya dagaa na mwani. Mwani, ambao pwani kwetu wanawake wanauvuna na kuuanika uuzwe nje, hatujui unakwenda kuliwa na nani. Ramadhani ikiingia alinifungia chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akaandika juu yake saa ya kuchwa jua. Kwao dada anayekutuma ndiye anayekulisha. Mimi nilikuwa nahesabu kutumwa tu.

Dada yangu wa kuzaliwa anakaa Houston, ni muuguzi. Kila Jumapili alinipigia wimbo ule ule.

"Njoo huku, uta-apply kozi ya kusaidia wagonjwa, miezi michache tu uko hospitali. Unang'ang'ania nini huko? Unakunja mataulo ya Wachina."

"Wakorea."

"Haya, Wakorea."

Siku nilipomwambia nataka kitanda cha kusugulia, alinijia juu.

"Yaani uoshe watu uchi? Mtu mzima wewe?"

"Na wewe huko wodini unaosha nini, vyombo?"

Akanikatia simu. Wanawake wa darsa letu la Jumamosi, kule Garland, nao wakapata habari, sijui kwa nani. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi kuna watu wanasugua tupu za wenzao ili wale. Nusu ya waliokaa kwenye mkeka ule walikuwa wauguzi na watunza wazee. Nikawauliza, hebu anyooshe mkono ambaye wiki hii hajamwogesha mtu. Hakuna aliyenyoosha. Nikanywa chai yangu.

Mwaka wa pili nikamwendea Mkubwa, nikamwambia nataka kitanda cha tatu. Akakataa.

"Wateja wanataka mikono ya Kikorea," akasema, bila ubaya, vile vile ambavyo angesema sabuni imekwisha.

"Nongo hazina kabila," nikamwambia.

Akacheka, akakataa tena. Nikawa namwomba kila Jumanne, siku ambayo bafu lilifungwa asubuhi kwa usafi. Wengine wangeona haya. Mimi niliona nimekuja nchi hii nimevuka bahari, sitashindwa kuvuka vigae. Jumanne ya tano au ya sita Mkubwa akaketi kwenye stuli, akaninyoshea mguu.

"Mguu tu," akasema.

Nikavaa glavu. Nilianzia kifundoni nikapanda na ugoko, mkono unavuta kurudi kwangu, haukwaruzi, kama nilivyofundishwa na shangazi, na akafumba macho. Alipoyafumbua akanipa mguu wa pili. Wiki iliyofuata akanipa mkono. Suala la mavazi tulilimaliza mapema: nikamwambia mimi nitavaa kaptura nyeusi mpaka magotini na fulana, dini yangu ina mipaka yake. Akasema nitakufa na joto. Nikamwambia nimezaliwa Tanga.

Mgongo hakunipa. Akamwambia wa kitanda cha pili alale nijifunzie juu yake, naye akakataa waziwazi.

"Mimi si ubao wa shule," akasema.

Nikajifunza mgongo juu ya taulo zilizolowa, nimezikunja na kuzifunga kamba. Sijui walionipita siku hizo walinionaje, na sikujali. Kiangazi cha 2019 Mkubwa akaniambia: baada ya sikukuu yetu ya mavuno, mwezi wa tisa, kitanda cha tatu chako. Una miaka arobaini na moja, akasema, bado una ishirini ya kusugua, mimi nikiondoka kutakuwa na mtu. Nilikubali kwa kuinama. Nilipofika nyumbani nilimpigia dada yangu Houston, nikamringia vizuri, nikamwambia njoo uone mwenyewe unachokidharau.

Akaja. Alipanda basi asubuhi, saa nane mchana yuko bafuni amejifunga taulo mbili. Mkubwa alimpokea kama mkwe. Akamwinamia, akamkalisha kwenye sakafu ya joto, akamletea yai la kuokwa na kile kinywaji chao kitamu cha wali, baridi. Mimi na wa kitanda cha pili tulikuwa kando tunakunja taulo. Kisha Mkubwa akauliza lile swali lao.

Nilisahau. Huo ndio ukweli na sina mwingine. Nilikuwa nimeishi na uongo ule miaka miwili, umenizoea nimeuzoea, wala haikunijia kumwonya. Na dada yangu haogopi umri wake, anautangaza kama kanga mpya.

"Hamsini na moja," akasema, kwa Kiingereza chake kizuri cha hospitali, akanigonga goti. "Na huyu ananifuata. Tumepishana miaka miwili tu. Mama yetu hakupumzika."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa alinitazama mimi, kisha akamtazama wa kitanda cha pili. Yule akaiweka chini taulo aliyokuwa nayo, imekunjwa nusu, akasimama, akatoka.

"Nimesema nini?" dada yangu akaniuliza kwa Kiswahili.

"Umesema kweli," nikamwambia.

Mkubwa hakunipigia kelele. Nilitamani angepiga. Alisema, "Humu ndani hakuna nguo. Kila mtu anaacha vitu vyake kabatini. Wewe ulipata wapi pa kuficha?" Nikamwambia juu ya maghala ya Garland, na mwaka wa kuzaliwa, na simu isiyolia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema habari ya kitanda cha tatu imekwisha, akachukua ndoo yake akarudi kwa mteja.

Nilimkuta wa kitanda cha pili jikoni, amegeukia ukuta. Nikamwomba radhi. Alipogeuka, uso wote ulikuwa mwekundu.

"Miaka miwili umenifanya mtu asiye na adabu," akasema. "Nimekutuma maji. Nimekutuma ndara zangu za miguuni. Mama yangu angejua angenipiga na ukubwa wangu huu."

Nilikasirika, nisiongeze uongo mwingine hapa. Mimi ndiye niliyechota, mimi ndiye niliyebeba ndara, leo aliyetumikiwa ndiye anayelia? Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia kama kuna wa kununa ni mimi.

"Wewe ulijua," akasema. "Mimi sikujua. Ulinitazama nakukosea kila siku, ukanyamaza."

Hilo lilinipata. Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kumwamrisha aliyekuzidi ni aibu, na aibu haikuulizi kama ulijua. Nilimvika mtoto wa watu aibu hiyo kila siku ya Mungu, halafu naingia chumba cha taulo namsema.

Dada yangu alikuwa amekwisha kuvaa, mkoba begani.

"Umeshafukuzwa kitandani, unangoja ufukuzwe na mlangoni? Pakia nguo zako twende Houston. Leo leo."

"Siendi."

"Unabaki kufanya nini?"

"Nimedanganya umri," nikamwambia, "sikudanganya mikono."

Aliondoka kanuna. Nami kesho yake saa tatu nilikuwa mlangoni, soksi mkononi.

Miezi iliyofuata niliheshimiwa mpaka nikachoka. Walinihamisha mezani, nikakaa ubavuni kwa Mkubwa, wa pili kunyanyua kijiko. Wa kitanda cha pili alijimiminia maji mwenyewe, akanimiminia na mimi, akanipa glasi kwa mikono miwili, macho pembeni. Aliongea nami kwa ile lugha yao ndefu ya adabu, na hakuniita kwa jina lolote. Si mdogo, si dada, si nani. Supu yangu aliendelea kuipika. Aliiweka mbele yangu akaondoka. Heshima yote niliyokuwa naililia chumba cha taulo niliipata, na kila siku nilitamani anitume kitu.

Jumanne ziliendelea kuja, nami niliendelea kukiosha kitanda cha tatu. Nilimwaga ndoo, nikasugua plastiki kwa sabuni, nikafuta miguu yake ya chuma. Mkubwa akasimama siku moja akaniuliza naosha nini, kitanda hakijatumika.

"Naosha kitanda changu," nikamwambia.

Akaenda zake.

Desemba ilipofika baridi iliwaleta watu kwa mafungu. Siku za Jumamosi wateja walijiroweka saa mbili nzima wakingoja kuitwa, vidole vimekunjamana. Kifundo cha mkono wa Mkubwa kilikuwa kimevimba. Alikifunga bandeji, akavaa glavu juu yake, akasugua. Hakulalamika, ila nilimwona akimwaga ndoo kwa mkono wa kushoto. Jumamosi moja, adhuhuri imeshaingia, kulikuwa na namba kumi na moja zinangoja. Mkubwa alimaliza mteja, akajaza ndoo, akatembea mpaka kitanda cha tatu, akakimwagia maji paa. Mabwawa yote matatu yaligeuka kutazama.

"Hamsini," akaniambia, maana kwa hesabu yao nilishaifikia. "Tutaona."

Nikaenda kuvaa kaptura yangu.

Namba ya kwanza niliyoita ilikuwa ya bibi mmoja wa Kikorea. Aliinuka majini, akaja hatua tatu, akaona ni nani amesimama kando ya kitanda. Akamwambia Mkubwa maneno mawili, akarudi majini. Mkubwa akanitafsiria bila kuinua kichwa: atangoja. Namba ya pili ilikuwa ya Mmarekani mweupe, msichana, alitabasamu sana, akasema hana haraka hata kidogo. Namba ya tatu nilifurahi nilipomwona anainuka, maana nilikuwa nimemsikia bwawani akipiga soga na shoga yake kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Karibu dada," nikamwambia.

Alishtuka, akajifunika kifua kwa mkono. "Ai, pole dadangu," akasema. "Usi-mind. Mimi nilikuja juu ya hii ya Wakorea wenyewe."

Nikamwambia haya. Nilisema haya kwa sauti ya kawaida kabisa. Wale wawili wa kwanza waliniuma kidogo. Huyu alinitoa damu. Nilisimama kando ya kitanda kilicholowa, watu arobaini wako kwenye maji na hawana la kutazama ila mimi, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabaya na glavu mkononi. Maneno ya dada yangu yote yalinijia, moja moja. Mtu mzima wewe. Plastiki ya kitanda ikaanza kukauka pembeni, nikachota maji nikailowesha tena.

Mkubwa alikuwa ananitazama. "Nenda kakunje taulo," akaniambia kwa upole. "Tutajaribu siku nyingine."

"Sitoki," nikasema.

"Hawatakuja."

"Wasije. Mimi nipo."

Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu nilijua nikiondoka pale siku ile, sitarudi tena, na hakuna atakayeniita. Nikaita namba ya nne. Hakuna aliyeinuka. Nikairudia.

Wa kitanda cha pili alikuwa anammaliza mteja wake. Alimsuuza kuanzia shingo mpaka nyayo, akampiga kofi dogo la bega, akamsaidia kushuka. Alikuwa na namba zake zinangoja. Mmoja alikwisha kuanza kutoka majini. Akamwinulia kiganja: subiri. Kisha akavua glavu yake akaitundika. Akavua sidiria nyeusi, akavua chupi, akavikunja akaviweka juu ya ndoo. Akatembea mbele ya mabwawa yote matatu, hakuharakisha, akafika kwangu, akapanda kitanda cha tatu. Akalala kifudifudi, akaniachia mgongo wake.

Ndoo iko mkononi, sijui niimwage au niiweke chini.

Akageuza shavu upande wangu.

"Dada," akaniambia. "Sugua kwa nguvu. Wanatuangalia."